Mipaka Yenye Upana

Wengi wamepita Lembeni bila kujua kwamba wamepita. Basi la Arusha kwenda Dar es Salaam likishaiacha Mwanga mjini na Kisangara, abiria huwa wameanza kusinzia, na anayezinduka Same hana habari kwamba katikati palikuwa na kituo cha reli, gulio, shule na watu. Upande mmoja wa barabara imesimama milima ya Upare Kaskazini, juu kijani, chini kahawia. Upande wa pili tambarare inateremka polepole kuelekea bonde la Pangani. Kusini kidogo milima inakatika na kuacha mwanya uitwao Ngulu, kisha Upare inaanza upya. Reli na barabara kuu zimepita hapo kwenye nyayo za mlima zikiandamana kama ndugu wasiosemezana.

Sisi tuliokulia pale miaka ya sitini na sabini tulikuwa watu wa kandokando. Jamaa zetu wa Usangi, juu milimani, walituita watu wa nyika na kutuhurumia kwa joto na mbu. Wamasai walioleta mbuzi gulioni walituona watu wa mlimani walioshindwa kupanda. Hata Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika kwetu vilitupitia pembeni. Mwaka 1916 Wajerumani walijichimbia Lembeni kuwangoja Waingereza waliokuwa wakifuata reli kutoka Kahe, lakini Jenerali Smuts akapeleka sehemu kubwa ya jeshi lake kando ya mto Pangani, na Wajerumani wakaona heri waondoke kabla hawajazungukwa. Wazee waliosimulia habari hiyo walicheka sana. Mahandaki yote yale, walisema, na mgeni kapita uani.

Baba alikuwa mtu wa gengi la reli. Reli ile Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893 na ikafika Moshi mwaka 1911, kwa hiyo baba alipoajiriwa ilikuwa imeshazoeleka kiasi kwamba umri wa vikongwe ulikadiriwa kwa kuuliza kama walizaliwa kabla yake au baada yake. Kila asubuhi wanaume wa gengi walitoka na nyundo, spana na mafyekeo, wakatembea juu ya mataruma wakigonga, wakikaza, wakisikiliza. Lakini sehemu kubwa ya kazi yao haikuwa kwenye vyuma. Ilikuwa pembeni. Majani yaliyoachwa yakakauka yalishika moto kwa cheche za injini za moshi, na moto ulioanzia relini uliishia kwenye mashamba ya watu au kwenye mapaa ya nyasi. Ndiyo sababu palikuwa na ukanda, upande huu na upande ule, mali ya reli, usiolimwa wala kujengwa.

Usiolimwa kwenye karatasi, yaani. Kina mama waliingia humo kukata majani ya ng'ombe, na baba aliwashukuru kwa kuwa walimpunguzia kazi. Watoto walichunga mbuzi humo huku masikio yakiwa upande wa Same. Na palikuwa na viazi. Baba alikuwa na sheria yake mwenyewe, ambayo sidhani kama mkubwa yeyote wa reli aliwahi kuiandika: mahindi hapana, viazi vitamu sawa. Mahindi hurefuka yakamziba dereva asimwone ng'ombe aliyesimama konani, viazi hutambaa. Mahindi ya mtu yaling'olewa bila mjadala. Mwenye viazi aliambiwa tu, "Mama, ukisikia honi toka, na siku mkubwa akija na trola, mimi na wewe hatujuani."

Mama alishona barazani kwa cherehani ya kukanyaga. Kazi yake kubwa ilikuwa sare za shule, na hapo ndipo alipojulikana kuliko mafundi wengine wa kituoni. Wao walikata kitambaa kwa kipimo cha mtoto wa leo. Mama alikunja upindo mpana, karibu kiganja kizima, akaushona kwa nyuzi nyepesi ili mwaka unaofuata sketi ishushwe, na mwaka mwingine ishushwe tena. Ungeweza kumjua binti aliyeshonewa na mama kwa mistari miwili mitatu iliyofifia kwenye sketi yake, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja mwaka wake. Wazazi waliotoka mlimani walimlalamikia kwamba anakula kitambaa. Alijibu kwamba nguo isiyo na upindo ni ya marehemu, ndiye asiyeongezeka urefu. Lugha yake ilikuwa kali, lakini foleni haikupungua.

Shuleni tulikuwa na mwalimu mgeni wa Kiingereza, kijana aliyeletwa kutoka mikoa ya kusini, mwenye bidii sana. Siku moja aliandika ubaoni neno moja fupi, "edge", akatutaka tumtajie kwa Kiswahili. Nadhani alitegemea jibu moja aendelee na somo. Mmoja akasema ukingo, wa mto. Mwingine, makali, ya panga. Binti wa fundi vyungu akasema mdomo, maana chungu kina mdomo. Pindo la kanga, nikasema mimi. Genge, akasema mtoto wa mlimani, mahali ng'ombe wa baba yake alipoangukia. Ncha. Kando. Pambizo la daftari. Mpaka wa shamba. Ubao ukajaa, mwalimu akawa anafuta chini aandike juu. Mwishowe mvulana mmoja wa nyuma akauliza, bila ubaya wowote, na pale mama yake anapolima viazi, kando ya reli, paitweje? Darasa zima likanigeukia mimi, mtoto wa gengi. Mwalimu alifikiri kidogo, akasema hapo panaitwa wizi.

Alikuwa mtu mwema, na kwa sheria alikuwa sahihi. Lakini hakuwa wa kwetu. Kwa mtu wa Lembeni mpaka haukuwa mstari. Ulikuwa mahali, mahali penye upana, unapoweza kusimama, ukafunga mbuzi, ukapanda kitu kifupi, ukaongea na jirani. Hayo niliyajua si kwa baba wala kwa mama bali kwa babu, mzaa baba, aliyebaki Usangi kwenye migomba yake na kukataa katakata kuteremka.

Kila mwaka kabla ya masika baba alitupeleka kwa babu. Tulipanda kwa miguu, tukiiacha miiba na vumbi, hadi hewa ilipobadilika na ghafla ukasikia maji. Yalitoka kwenye ndiva, yale mabwawa madogo ya Wapare ambayo hujazwa usiku na kufunguliwa asubuhi ili maji yashuke kwa mifereji, shamba kwa shamba, kwa zamu. Kazi ya kusafisha ndiva na mifereji ni msaragambo, kila nyumba itoe mtu, na asiyetokea anatozwa. Babu alituonyesha kwanza mfereji, kisha kahawa, kisha migomba. Siku ya pili asubuhi alichukua panga, akawaita kaka zangu na wana wa baba mkubwa, wakaenda kutembea mpaka.

Mimi sikuitwa. Binti ataolewa, mpaka wa nini? Lakini babu alikuwa na kiu ya mara kwa mara, na mtu wa kubeba kibuyu cha maji alihitajika. "Mke wangu," aliniambia, maana ndivyo babu wa kwetu anavyomtania mjukuu wa kike, "wewe fuata nyuma, usikanyage miche." Nikafuata nyuma. Nilifuata hivyo miaka yote ya shule ya msingi.

Mipaka ya Usangi ni masale. Anayetoka pwani ataona ni mmea tu wa majani marefu ya kijani, wa kupamba mlango wa hoteli. Kwetu sale ni shahidi. Halikauki kirahisi, ukilikata linachipua, ukilichomeka ardhini linashika. Huzungushiwa shamba, makaburi, na misitu ya mizimu ya ukoo, ambayo tuliiita mpungi na ambamo hata kuni zilizoanguka hazikuokotwa. Ukimkosea mtu ukampelekea sale, ni vigumu kwake kukataa kusamehe. Wachaga nao, watani wetu, wana desturi hiyo, na kila upande unadai mwingine ameiga. Kung'oa sale la mpakani usiku na kulihamisha hatua moja ndani ya shamba la jirani halikuwa kosa la shamba tu. Lilikuwa jambo la kuvunjiwa chungu, laana ambayo wazee waliitamka kwa sauti ya chini na ambayo, waliamini, ilimaliza ukoo mmoja mmoja.

Babu alipita sale kwa sale. Lililokufa alilipandia jingine. Lililonenepa alilipunguza. Alitaja aliyepanda kila moja: hili la baba yangu, hili la mwaka wa njaa, hili tulipanda mimi na jirani siku tuliyopatana. Halafu ndipo lilipokuja jambo ambalo kaka zangu hawakulisikiliza, kwa kuwa kila walipofika hapo walikuwa wameshaona parachichi. Upande wa magharibi masale hayakuwa safu moja. Yalikuwa safu mbili, moja ya babu, moja ya jirani, na kati yake palikuwa na njia ya upana wa hatua mbili za mtu mzima.

Njia ile haikuwa ya babu wala ya jirani. Ilikuwa ya wote wawili, na kwa hiyo ya kila mtu. Maiti ya jirani ilipita hapo kwenda makaburini, na ng'ombe wa mahari wa shangazi alipita hapo kuja nyumbani. Mbuzi wa yeyote aliruhusiwa kufungwa hapo mchana, si usiku. Mti wa kivuli uliosimama katikati haukukatwa na mmoja bila mwenzake. Parachichi likidondoka ndani ya shamba ni la mwenye shamba. Likidondoka njiani ni la mtoto aliyeliona kwanza, na ndiyo sababu kaka zangu hawakusikia maelezo. Babu na jirani walipogombana, na waligombana mara nyingi, walikwenda kugombana pale. Hakuna aliyemfuata mwenzake nyumbani. Walisimama njiani, kila mmoja na safu yake mgongoni, wakasemana hadi koo likakauka, kisha nikatoa kibuyu, wakanywa wote.

Watanzania wana mzaha kwamba Mpare anauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Tunacheka, na tunajua kwamba si mzaha mtupu. Lakini mzaha ule unadhani Mpare anapenda mahakama. Ninavyoona mimi, anapenda ushahidi. Nimewaona wazee wamekaa kutwa nzima juu ya jiwe wakimsikiliza mtu akieleza sale moja, wasimkatize hata mara moja, wakifurahia kumbukumbu yake kama nzuri na kuikosoa kama ina mashimo. Babu mwenyewe alikuwa miongoni mwa maelfu walioteremka Same mwaka 1945 kupinga kodi ya mbiru, iliyokadiriwa kwa kuangalia mali ya kila mtu, wakapiga kambi huko wakikataa kuondoka. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria na mwana wa Upare, ameiandika habari hiyo vizuri. Babu alikuwa na lake la kuongeza. Alisema ubaya wa mbiru haukuwa fedha tu. Ni kwamba kwa mara ya kwanza mtu wa kalamu alisimama shambani akauliza linaishia wapi, na watu wakajifunza kusema linaishia hapa karibu.

Nikirudi Lembeni kutoka kwa babu nilikuwa naona mipaka kila mahali. Lakini kulikuwa na mmoja uliomshinda hata yeye kuueleza, nao ulikuwa bwawa.

Nyumba ya Mungu lilijengwa nusu ya pili ya miaka ya sitini, chini ya pale mito ya Kikuletwa na Ruvu inapokutana, ili kukusanya maji ya Pangani na kuyatoa kwa kipimo kwa mitambo ya umeme iliyo chini ya mto, kama ile ya Hale. Kwetu umeme ulikuwa habari ya watu wengine. Tulichoona ni ziwa limetokea nyikani, mahali watu walipokuwa wakitafuta maji ya kunywa. Perege wakazaliana kwa kasi ya kutisha. Wavuvi wakaja kutoka Ziwa Victoria, kutoka Ziwa Nyasa, kutoka kila mahali palipo na mtumbwi, na kambi zikaota upande wa Lang'ata na Kiti cha Mungu. Mjomba wangu, mtu wa ng'ombe ambaye hakuwahi kuogelea, alinunua nyavu. Kwa mara ya kwanza nyumba yetu ilinuka samaki.

Ziwa lile halikuwa na ufuko wa kudumu. Tambarare ni bapa mno. Maji yakipungua kidogo kwa kina, ukingo unarudi nyuma kwa mwendo wa kukuchosha miguu. Wakifungulia maji kwenda chini, mvua zikichelewa, basi mtumbwi uliofungwa jana majini umelala leo kwenye tope, na tope lenyewe ni jeusi, lenye rutuba, lenye unyevu. Watu wakagundua mapema kwamba pale panafaa mahindi na maharage. Unafuata maji yanavyorudi, unapanda nyuma yake, unaomba Mungu uvune kabla hayajageuka. Mjomba akawa mvuvi msimu mmoja na mkulima msimu mwingine, mahali pale pale, bila kuhama.

Mpaka wa shamba la namna hiyo unauwekaje? Sale haliwezi kukaa chini ya maji. Kigingi kinaoza au kinaondoka na wavu wa mtu. Mjomba alieleza kwamba kila mtu alijua amesimama kati ya nani na nani. Si wapi, bali kati ya nani na nani. Maji yakirudi nyuma, watu walijipanga kwa mpangilio ule ule wa mwaka jana, hata kama mahali penyewe pamesogea mbali sana. Aliyekufa, mwanawe aliingia katikati ya majirani wale wale. Nilimwuliza kama waligombana. Akasema waligombania nyavu, wanawake na deni la pombe. Mashamba hapana. Babu aliposimuliwa hakuamini. Alisema watu wasiogombania shamba hawana shamba.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1974. Novemba ya mwaka uliotangulia Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 kila mtu wa vijijini awe anaishi katika kijiji, na operesheni ikafika zaidi kwetu tambarare, ambako nyumba zilikuwa zimetawanyika, kuliko ilivyofika mlimani ambako watu tayari walikuwa wamebanana. Maofisa walikuja na kamba na vigingi. Ardhi ikakatwa viwanja vilivyonyooka, nyumba hapa, nyumba pale, kila moja ikiangalia barabara. Sitasema yote yalikuwa mabaya. Bomba lilikuja, zahanati ilikuja, na mimi mwenyewe nilisoma kwa sababu shule ilikuwa karibu. Lakini kamba haina upana. Kuku wa huyu akivuka tu yuko kwa yule. Majirani waliokuwa wakisalimiana wakiwa na shamba zima katikati yao sasa walisikiana wakikohoa, na mjumbe wetu wa nyumba kumi, mzee mpole aliyetarajia kazi ya kugawa sukari, akawa hakimu wa vifaranga.

Mipaka mingine ilikuja kwa redio. Mapema mwaka 1977 mpaka na Kenya ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo, na baba akalala mfanyakazi wa shirika la nchi tatu akaamka wa nchi moja, kwenye reli ile ile, na fyekeo lile lile. Mafuta ya kupikia na sabuni vilivyotoka Taveta, upande wa Kenya, vikawa bidhaa ya usiku. Ziwa Jipe liko nusu kwetu nusu Kenya, na kina mama waliofahamu matete yake walifahamu pia kwamba katikati ya matete hakuna askari anayeweza kukwambia uko nchi gani. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983. Katikati ya hayo Wilaya ya Pare iligawanywa, Same ikabaki upande mmoja na Mwanga ikawa wilaya, nasi tuliozoea kwenda Same bomani kwa kila karatasi tukaambiwa sasa tuelekee upande wa pili. Nauli ilipungua. Hakuna aliyelalamika.

Baba alistaafu, treni za abiria zikasimama kwa miaka mingi, na viazi vikaota hadi kwenye mataruma. Ziliporudi, mwishoni mwa 2019, wengi waliokuwa wamejenga kando ya reli walikuwa wameshasahau kwamba ule ni ukanda wa mtu. Barabara nayo ilitanuka bila kusogea. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na alama za X zikapakwa kwenye kuta. X nyekundu: ulijenga ndani ya hifadhi ya zamani, bomoa kwa gharama yako. X ya kijani: hifadhi ndiyo iliyokufuata wewe, utalipwa. Nilikuta nyumba moja ina zote mbili, nyekundu barazani na kijani jikoni. Mwenye nyumba alikuwa akiuza mandazi barazani kama kawaida. Nilipomwuliza atafanya nini, alisema anangoja rangi ya tatu.

Sasa ni zamu ya Usangi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu mwanakijiji kupata hatimiliki ya kimila, na inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kuipata, jambo ambalo babu angelihitaji kibuyu kizima kulimeza. Wapimaji walipofika walikuwa na vifaa vinavyosema na setilaiti. Shamba la babu walilimaliza haraka, mashariki, kaskazini, kusini. Magharibi wakasimama. Walitaka mstari, wakaona safu mbili za masale. Wakauliza mpaka ni safu ipi. Mwana wa baba mkubwa akasema ya kule. Mjukuu wa jirani akasema ya huku. Hapakuwa na sehemu kwenye fomu ya kuandika njia ya hatua mbili ambayo si ya mtu.

Simu ya mwana wa baba mkubwa ilinikuta Dar es Salaam. "Shikamoo dada."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna. Dada, ule mpaka wa magharibi, unaukumbuka?"

Ninaukumbuka. Kaka zangu wawili wametangulia mbele ya haki, wa tatu yuko Kanada na anachokumbuka ni parachichi. Wazee wote waliokaa kwenye lile jiwe wamekwisha. Nilimweleza ndugu yangu kwamba nikija nitasema ukweli, yaani kwamba ile ni njia, si yake wala ya mwenzake. Alinyamaza kwa muda, nadhani akihesabu. Kisha akasema njoo tu, bora njia kuliko kumpa yule.

Siku ya kutoa ushahidi mbele ya baraza nilieleza kwa kirefu: maiti, mahari, mbuzi wa mchana, mti wa kivuli. Wazee wa baraza walisikiliza kwa ile namna ya kwetu, bila kukatiza, na mmoja alitikisa kichwa nilipotaja sale la mwaka wa njaa. Mwakilishi wa upande wa pili, kijana nadhifu, alisimama akaniuliza maswali mawili tu.

"Mama, wewe ni mrithi wa shamba hili?"

"Hapana."

"Sasa ulikuwa ukifanya nini mpakani?"

"Nilibeba maji."

Watu walicheka, naye akaketi kana kwamba ameshinda. Mwenyekiti alitaka baraza liende likaone lenyewe masale hayo kabla ya kuamua, lakini mvua zilikuwa zimeanza na barabara ya kupanda inateleza, kwa hiyo shauri limeahirishwa hadi baada ya masika. Nimepiga hesabu: eneo linalogombaniwa linatosha safu moja ya migomba, ikipandwa kwa kubanana. Ndugu yangu ameshauza ng'ombe mmoja. Mjukuu wa jirani, nasikia, ameuza wawili, naye ameniletea salamu kupitia kwa mke wake kwamba nikija tena nifikie kwao, maana kitanda cha wageni kipo.